Krispi za Matunda kwenye Oveni ya Nyumbani

Krispi ya tunda ni kipande chembamba cha tunda kilichotolewa karibu maji yake yote bila kuunguzwa. Tunda bichi ni maji zaidi ya kitu kingine chochote: tufaha na nanasi yana maji takriban asilimia 86, embe 83, papai 88, ndizi mbivu 75. Tunda kavu la kawaida, lile la kutafuna polepole, hubaki na maji ya asilimia 15 hadi 20. Krispi haina budi kushuka chini ya asilimia 5. Sehemu kubwa ya maji hutoka kwa urahisi katika saa ya kwanza. Yale machache ya mwisho ndiyo yanayokula muda na umeme, na ndiyo yanayoamua kama kipande kitavunjika kwa mlio au kitavutika kwenye meno.

Maelezo haya yametokana na majiko mawili ambamo mwandishi amekausha matunda msimu baada ya msimu. Moja liko Dar es Salaam, lenye oveni ndogo ya umeme ya kuweka mezani na hewa nzito ya bahari. Jingine liko Dodoma, nyumbani kwa ndugu, lenye oveni ya gesi na hewa kavu ya kiangazi. Matunda yaleyale, yaliyokatwa kwa kisu kilekile, yalitoa matokeo tofauti katika majiko hayo mawili, na tofauti hiyo ilifundisha mengi kuliko vitabu vya mapishi. Vitabu vingi vya aina hii vimeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi zenye hewa kavu, ambako krispi iliyosahauliwa mezani usiku kucha hukutwa asubuhi ikiwa bado kavu kau. Msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja anayevifuata neno kwa neno atapata krispi nzuri itakayodumu hadi chai ichemke.

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba mlio hupatikana wakati wa kupoa. Maji yakishapungua, kinachobaki ni nyuzi za tunda zilizoshikamanishwa na sukari au wanga. Sukari yenye joto ni laini na huvutika. Ikipoa huwa ngumu na huvunjika. Mpishi wa kashata analijua hilo: kashata inayomiminwa kwenye sinia hupinda, iliyopoa hukatika. Kwa hiyo kipande cha tufaha kinaweza kuwa tayari kabisa na bado kikalegea kikiguswa ndani ya oveni. Kipimo cha kweli ni kukitoa kimoja, kukiweka kwenye kisahani baridi kwa dakika mbili tatu, kisha kukivunja. Kikilia, trei nzima iko tayari. Kikipinda, vipande virudi kwa dakika 15 na kupimwa tena. Anayesubiri vipande vikauke kau vikiwa bado motoni huishia na trei ya vipande vyeusi na vichungu.

Kabla ya kuwasha chochote, tunda lipimwe kwa swali moja: linashikwa na wanga au na sukari? Jibu linaamua moto, muda na hata kama mafuta yatahitajika.

Matunda ya wanga ni yale yanayopikwa mara nyingi yakiwa mabichi: ndizi mzuzu, mkono wa tembo, shelisheli. Nyama ya ndizi mbichi ina wanga karibu moja ya tano ya uzito wake, na inapoiva karibu wanga wote huo hugeuka sukari. Wanga huvumilia moto mkali kuliko sukari, hivyo vipande vyembamba vya mzuzu mbichi huokwa kwa nyuzi 170 hadi 180 za sentigredi, na dakika 20 hadi 25 hutosha. Hivi hupakwa mafuta, kijiko kimoja cha chakula kwa mzuzu mkubwa mmoja au miwili, vikichanganywa kwa mkono mpaka kila uso ung'ae. Bila mafuta uso wa ndizi hubaki na unga unga, nao ugumu wake huwa wa kuni badala ya wa krispi. Mafuta ya nazi hufaa kuliko mengine kwa harufu, ingawa hilo ni suala la ladha ya mlaji.

Ukomavu wa ndizi ndio unaoharibu kazi hii mara nyingi kuliko kisu au oveni. Muuzaji wa Mabibo, kwenye soko ambalo watu wa Dar es Salaam huliita Mahakama ya Ndizi, humuuliza mnunuzi, "Mama, za kupika au za kuivisha?" Swali hilo ni la maana. Mzuzu wa krispi ya moto mkali uwe na ganda la kijani lisilo na doa la njano na usibonyee. Ukianza kuwa na njano, sukari yake huwahi kuungua pembeni kabla katikati hapajakauka. Mzuzu ulioiva kabisa, mtamu, hauna nafasi hapa: ukaangwe, au upikwe kwa nazi na iliki, utampa mlaji raha kubwa zaidi.

Shelisheli, ambalo ni la Unguja na Pemba zaidi kuliko bara, hufuata njia ileile ya mzuzu. Likatwe likiwa limekomaa lakini gumu, kiini kitolewe, na vipande vipakwe mafuta na chumvi kidogo. Krispi yake ni nyepesi na ladha yake ni ya upole, kiasi kwamba ndiyo inayobeba pilipili vizuri kuliko zote. Wale waliozoea krispi za muhogo zinazouzwa barabarani Mombasa watalikubali haraka.

Matunda ya sukari ni kundi gumu zaidi: tufaha, peasi, nanasi, embe, papai. Haya hayapendi haraka. Joto lake ni nyuzi 90 hadi 100, na muda wake ni saa mbili hadi tatu, pengine zaidi. Moto ukizidi, uso wa kipande hukauka mapema na kufunga, maji ya ndani yakakosa njia. Kipande hicho huonekana kimekamilika kikitoka, na saa chache baadaye unyevu wa katikati husambaa na kukilegeza chote. Tena sukari za matunda huanza kubadilika rangi na kuwa chungu mapema. Ile iliyo nyingi kwenye tufaha na peasi huanza kuungua karibu na nyuzi 110. Pengo kati ya joto linalokausha na joto linalounguza ni dogo, na ndiyo maana kundi hili linamtaka mpishi abaki nyumbani.

Katika kundi hilo, tufaha, ambalo wauzaji wengi huliita epo, ndilo linalofaa kuanza nalo. Nyama yake ina vijishimo vingi vya hewa, hivyo mvuke hutoka bila shida na kipande hukauka kikiwa kimebaki na umbo lake. Matufaha ya Lushoto na ya Njombe, ambayo mara nyingi huwa madogo na yenye uchachu kuliko yale yanayoletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini, hutoa krispi yenye ladha kali zaidi, kwa kuwa kukausha huongeza utamu na uchachu kwa pamoja. Tufaha tamu tupu likikaushwa huwa tamu la kuchosha. Ganda libaki, hushikilia ukingo wa kipande usikatike.

Nanasi linakauka, lakini linahitaji kukatwa jembamba kweli na kukamuliwa kidogo juu ya kitambaa safi kabla ya kupangwa. Mananasi ya Kiwangwa, huko Bagamoyo, yaliyoiva vizuri yana juisi nyingi kiasi kwamba trei hujaa maji katika nusu saa ya kwanza, na vipande visipogeuzwa hugandia karatasi. Nanasi lisiloiva sana, lenye njano iliyofika nusu ya ganda, ndilo lenye nafuu.

Embe ndilo tunda ambalo kila mtu huanza nalo kwa sababu ndilo linalofurika. Desemba na Januari maembe dodo hujaa vibarazani na bei huanguka. Ukweli wa oveni ni kwamba embe lililoiva halitoi krispi nzuri. Hutoa ukanda mtamu wa kutafuna, chakula kizuri sana, lakini si hiki. Kinachofanya kazi ni embe bichi. Likiwa bado gumu na lenye nyama nyeupe iliyoanza kugusa umanjano, lina wanga na asidi, na huvunjika vizuri likikaushwa. Watoto wa pwani wanaokula embe bichi kwa chumvi na pilipili wanaijua ladha hiyo tayari. Oveni huifanya kuwa kavu na ya kuwekwa. Papai kwa upande wake halistahili umeme wake. Nyama yake haina nyuzi za kuishikilia, na kipande huyeyuka kwenye karatasi mpaka kinabaki alama ya rangi ya machungwa. Tikiti maji hata lisijadiliwe.

Kukata ni nusu ya kazi. Unene ufaao ni milimita 2 kwa matunda ya sukari na milimita 2 hadi 3 kwa ya wanga, lakini usawa una uzito kuliko unene. Kipande chenye upande mmoja mnene na mwingine mwembamba huungua huku na kubaki kibichi kule, na hakuna ustadi wa moto unaoweza kukiokoa. Kikatio cha mboga chenye wembe na kinga ya vidole hufanya kazi hii kwa dakika chache. Asiyekuwa nacho atumie kisu kikali chembamba, na tunda liwekwe kwanza kwenye friji kwa nusu saa ili nyama ikaze. Ndizi na shelisheli zina utomvu unaogandia mikononi na kutia doa nguo lisilotoka. Mikono na kisu vipakwe mafuta kabla, na ndizi imenywe ndani ya bakuli la maji yenye chumvi.

Tufaha, peasi na ndizi hugeuka kahawia mara tu vinapokatwa, kwa sababu vimeng'enya vilivyomo ndani yake hukutana na hewa. Kwenye oveni ya moto mdogo tatizo hilo huongezeka: tunda hupata joto polepole, na vimeng'enya hufanya kazi kwa bidii kabla moto haujavizima. Dawa ni maji ya ndimu, ndimu moja kubwa kwa nusu lita, vipande vikilowekwa dakika tano. Baada ya hapo vikaushwe kwa kitambaa, kila kipande, pande zote mbili. Hatua hii inachosha na wengi huiruka. Maji yanayobaki juu ya uso huongeza muda mrefu ndani ya oveni, muda ambao unalipiwa kwa yuniti.

Oveni ya nyumbani haikutengenezwa kwa kukausha. Imetengenezwa kushika joto na mvuke, ilhali krispi inataka mvuke uondoke. Tiba yake ni mwiko wa mbao uliobanwa mlangoni ili kubaki ufa wa vidole viwili. Oveni yenye feni iwashwe feni, na mwiko ubaki palepale. Jambo jingine ni kwamba namba zilizochorwa kwenye kitufe cha oveni nyingi ndogo hazisemi kweli. Tofauti ya nyuzi 20 kati ya namba na joto la ndani si jambo la ajabu. Kipimajoto kidogo cha oveni, kinachoning'inizwa kwenye wavu, kina faida kuliko kifaa kingine chochote kwenye kazi hii. Oveni nyingi za gesi hazishuki chini ya nyuzi 140 hivi mlango ukiwa umefungwa, kwa hiyo ile ya Dodoma ilitumika kwa moto wa chini kabisa, mlango wazi zaidi, na trei kwenye wavu wa juu mbali na moto.

Vipande vipangwe bila kupandana, juu ya karatasi ya kuokea au, vizuri zaidi, juu ya wavu wa chuma uliowekwa ndani ya trei ili hewa ipite chini. Vigeuzwe kila nusu saa, na trei izungushwe, maana kila oveni ina kona yake yenye moto mkali. Vipande vyembamba zaidi huwahi. Vitolewe vyenyewe bila kusubiri vingine. Moto ukizimwa, vipande vilivyobaki viachwe ndani, mlango ukiwa na ufa, mpaka oveni ipoe. Hapo ndipo asilimia moja mbili za mwisho za maji huondoka bila gharama.

Jiko la mkaa nalo lina nafasi yake. Akina mama wa pwani wameoka mkate wa sinia na mikate mingine kwa makaa ya juu na chini tangu kabla oveni hazijaingia majumbani, na moto huo wa kupalia hufaa sana kwa mzuzu na kwa nazi. Kwa tufaha na nanasi haufai, kwa kuwa sufuria iliyofunikwa hurudisha mvuke uleule juu ya vipande, na moto wa makaa hauwezi kushikiliwa chini kwa saa tatu.

Nazi, ambayo ni tunda ingawa jikoni haihesabiwi hivyo, ndiyo rahisi kuliko zote. Nyama ya nazi iliyokomaa ina maji chini ya nusu ya uzito wake, na mafuta yake mwenyewe humaliza kazi. Nyama hubanduliwa kwa kisu butu, hukatwa kwa kimenyeo cha viazi kuwa vipande vyembamba kama utepe, hutandazwa kwenye trei na kuokwa kwa nyuzi 150 kwa dakika 10 hadi 15, ikikorogwa mara mbili tatu. Rangi ya dhahabu ikishaonekana kwenye kingo, itolewe mara moja, maana kutoka dhahabu hadi kuungua ni dakika moja au mbili. Ubaya wake ni kwamba mafuta hayo hayo huchacha. Krispi ya nazi iliwe ndani ya wiki mbili hivi.

Viungo viwe vichache. Mdalasini na iliki ya kusaga huenda na tufaha na peasi, na hunyunyizwa kabla ya kuoka ili vishikamane. Pilipili ya unga na ndimu huenda na embe bichi na nanasi. Sukari ya kuongeza haihitajiki kwenye tunda lolote, na huleta madhara: huvuta unyevu na huungua. Kuhusu chumvi kuna jambo ambalo watu wa bara hawalazimiki kulijua. Chumvi huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi, kiwango ambacho Dar es Salaam hupita mara kwa mara, hasa usiku na wakati wa masika. Krispi iliyotiwa chumvi kabla ya kuhifadhiwa hulegea kabla ya ile isiyotiwa. Ukanda wa pwani chumvi inyunyizwe wakati wa kula.

Kuhifadhi ndiko kunakotenganisha pwani na bara. Dodoma, krispi za tufaha zilikaa kwenye bakuli lililofunikwa kwa kitambaa zikabaki na mlio wake siku nzima. Dar es Salaam, wakati wa masika, zilianza kulegea kabla wageni hawajamaliza kuziongelea. Chombo kizuri ni chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, iliyokaushwa kwenye oveni yenyewe, na krispi ziingizwe zikiwa zimepoa kabisa, maana joto kidogo lililobaki hutoa mvuke unaoganda ndani ya mfuniko. Chupa ndogo nyingi ni bora kuliko kopo moja kubwa, kwa kuwa kila mara mfuniko unapofunguliwa hewa ya bahari huingia. Mchele uliokaushwa kwenye kikaango na kufungwa kwenye kitambaa husaidia, japo kidogo. Zile pakiti ndogo za kuondoa unyevu zinazotoka kwenye maboksi ya viatu zisitumike. Hazikukusudiwa kukaa na chakula. Krispi zikilegea bila kuota ukungu wala kutoa harufu, hurudishwa kwenye oveni ya nyuzi 90 kwa dakika 10 hadi 15 na kupozwa upya.

Gharama ihesabiwe kabla ya mtu kufikiria biashara. Kilo moja ya nyama ya tufaha, baada ya kukauka, hubaki gramu 145 hivi. Papai, kama lingekauka, lingebaki gramu 125. Ndizi huacha gramu 260. Oveni ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo saa mbili hutumia yuniti tatu. Kwa kuwa hujizima na kujiwasha yenyewe, matumizi halisi huwa pungufu, ila mlango ulioachwa na ufa hurudisha sehemu ya nafuu hiyo. Kwa matunda ya kununua bei ya kawaida hakuna faida ya fedha. Kazi hii ina maana msimu unapofurika, au pale oveni inapokuwa tayari na moto baada ya keki na mikate kutolewa.

Hesabu hiyo hiyo ya uzito inahusu mwili pia. Gramu 100 za krispi za tufaha ni karibu gramu 700 za tufaha bichi, pamoja na sukari yake yote, na huliwa kwa dakika tano mbele ya televisheni. Nyuzilishe na madini hubaki. Vitamini C hupungua sana kwa joto na hewa. Mwenye kisukari azihesabu kama sukari, hata kama hakuna punje iliyoongezwa. Zile krispi nyepesi sana za dukani, zinazoyeyuka ulimini, hutengenezwa kwa kugandisha tunda na kulikausha katika chombo kilichoondolewa hewa, au kwa kulikaanga katika chombo cha aina hiyo. Oveni ya nyumbani haiwezi kuzifikia, na yake ni ngumu zaidi, yenye ladha nzito zaidi ya tunda.

Mabaki hayatupwi. Vipande vilivyokatika vibaya vya embe na nanasi husagwa pamoja, hutandazwa vyembamba kwenye karatasi iliyopakwa mafuta na kukaushwa kwa nyuzi 80 mpaka visigandie kidole, kisha hukunjwa kuwa vitafunio laini vya watoto. Vipande vya nazi vilivyozidi rangi kidogo hupondwa na kuingia kwenye uji. Maganda ya nanasi, kama tunda lilioshwa vizuri kabla ya kumenywa, huchemshwa na tangawizi na kuchujwa kuwa juisi.